Bei ya Umeme wa Mto Wetu

Baba mpendwa,

Mgongo unaendeleaje? Nairobi kuna manyunyu na baridi. Nimejitanda leso ya Mama hata ukumbini mwa mkutano.

Jana nilisimama mbele ya maafisa wanaopanga bei ambayo kampuni ya umeme itanunulia umeme wa miradi midogo. Nikawaeleza kwamba wakitulipa sawa na mabwawa makubwa, mtambo wetu wa mtoni utasimama, kwa sababu hatutaweza hata kuukarabati. Kisha fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kutoka Kinoo akainua mkono.

"Huyu mama akiongezwa, ni sisi wenye bili tutalipa," akasema. "Mimi tayari nazima mashine mapema."

Nikarudi kitini.

Wakati wa chakula fundi huyo alikuja na sahani yake ya githeri, akaketi karibu nami. "Si ubaya, mama. Mto wenu ungekuwa Kinoo, ningesema vile ulisema." Akanimiminia chai.

Leo asubuhi wametangaza. Tutaongezwa, lakini si kama tulivyoomba. Mtambo utatengenezwa, nyaya za kufikisha umeme shule ya ng'ambo zitangoja. Najua ulitamani kuziona taa hizo, Baba, nami nilitamani uzione.

Nilipotoka nilimtafuta yule fundi, nikampa mkono. Sikumwona kama mtu aliyetushinda.

Jifunike vizuri, na usibebe maji peke yako. Mungu akutunze mpaka nifike.

Binti yako,
Nafula