Ubeti wa Tatu

Shikamoo Bibi. Najua huko Maramba umeitikia marahaba hata kabla hujavaa miwani.

Huku Ushongo nimepokewa kwa samaki wa kupaka na mvua ya rasharasha, na jana nilimsikia Shangazi akiimba. Diwani alikuja kuzindua kisima, akakiomba kikundi chao cha taarab kirudie wimbo waliomwimbia wakati wa kampeni. Una beti nne, kila ubeti na ahadi yake: kisima, barabara, zahanati, madawati.

Kisima na barabara tulivipigia vigelegele. Ulipofika ubeti wa tatu, Shangazi akafumba mdomo, akashika kiuno. Kinanda kikapiga ubeti mzima peke yake, maana zahanati yenyewe imeishia kwenye lenta, haina paa. Kisha akaimba madawati kana kwamba hakukutokea kitu.

Diwani akamfuata. "Mama, ubeti wangu mmoja umeupeleka wapi?"

"Ninao, mheshimiwa. Majirani walikuchagua kwa sauti yangu. Maliza zahanati, nitaurudisha."

Nilidhani atafoka. Akainamisha kichwa tu.

Leo asubuhi lori limeshusha mabati! Nikamkimbilia Shangazi jikoni nikamwambia aanze mazoezi. Hakuinuka hata kwenye mbuzi ya nazi.

"Mabati hayatibu mtu," akasema. "Siku nitakapochomwa sindano mle ndani, nitaimba."

Nakubusu mikono yote miwili, Bibi. Binti yako anakusalimia, na ule ulimi ni wako mtupu.

Mjukuu wako,
Zaina