Sarafu ya Papa juu ya Sindano

Murara, Goma, tarehe 3 Machi 2025

Kwako Yaya Cirimwami, mkubwa wangu,

Amani iwe nawe huko Liège, na baridi ikuhurumie. Masikio yanaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha lile vumbi jeusi unalolijua. Chuo bado kimefungwa tangu vita viingie mjini, hivyo sina hata wanafunzi wa kunisemesha. Siku nyingine sauti ya kwanza ninayoisikia ni ya jirani Mama Louise akibisha hodi jioni, arudipo kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na karoti zake. Ndiye aliyeniletea kifurushi chako.

Nimevijaribu vile vichwa viwili vya sindano kwenye gramafoni aliyotuachia Papa, kwa santuri moja tu: ile ya kwaya ya parokia, ubeti wa tatu, pale marehemu Mama yetu anapoimba peke yake. Nilisikiliza kila kimoja mara tatu, madirisha yakiwa yamefungwa. Chekundu kinamleta Mama mbele, kana kwamba amesimama mlangoni. Cheusi, ulichokisifu mno, kinamfunika blanketi. Sauti za chini zinavimba na za juu zinakwaruza. Nilikuwa mwangalifu. Hata ile sarafu ya Papa ya kukandamiza sindano niliihamisha kutoka kichwa kimoja hadi kingine, ili masharti yawe sawa.

Hitimisho langu ni chekundu, lakini silitegemei sana. Pengine sikio hupenda lilichozoea, na ninakiita bora kile kinachofanana tu na kumbukumbu yangu.

Mdogo wako,
Sidonie


Liège, tarehe 21 Machi 2025

Sidonie, mutoto wa mama,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Louise. Miye niko muzima, ila sikio la kuume limekufa kabisa, na la kushoto linasikia watu kama wako chini ya ziwa.

Sarafu! Weye mwenye diploma mbili! Muzee aliweka ile sarafu ya zaire tano kwa sababu malori ya Rutshuru yakipita, sindano yake ilirukaruka. Chukudu na magurudumu yake ya mbao inabeba magunia sita ya makala ya kupikia. Sindano nyeusi haibebi hata kope. Miaka ishirini ninatengeneza vyombo vya muziki, na sikukumbuka kukuambia. Itoe, usikilize tena.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 6 Juni watanipasua sikio la kushoto. Daktari anasema linaweza kurudi, linaweza kuzimika. Kabla ya siku hiyo nataka nimusikie Mama mara moja. Chagua kichwa, unitumie pamoja na santuri. Sikio langu haliwezi tena kuchagua. Lako linaweza.

Yaya wako,
Cirimwami


Murara, Goma, Jumamosi Kuu, tarehe 19 Aprili 2025

Kwako Yaya,

Nakutakia Pasaka yenye afya. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji ili kuielewa.

Kuiondoa sarafu kulinichukua siku nne. Unakumbuka jinsi Papa alivyotukataza kuigusa: "Hiyo si ya michezo, hiyo ni ya kazi." Niliketi mbele ya gramafoni kama mtu aliyeingia chumba cha mzazi bila ruhusa. Kisha nikaitoa.

Nilikosea, Yaya. Kichwa cheusi, kikiachwa na uzito wake, kinampa Mama nafasi ya kusimama. Na kuna jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu utotoni: pumzi. Anaivuta kwa pua kabla ya ubeti wa tatu. Nadhani ncha ile nyembamba inashuka ndani ya mfereji mahali ambapo sindano ya Papa haikufika. Huenda pia ni mkwaruzo tu, nami nimeupa jina.

Nikiri jingine. Sitaki kuituma santuri. Humu ndani hakuna sauti nyingine ya mtu, na tangu uwanja wa ndege ufungwe kila kitu hupita mikononi mwa watu wengi. Nipe wiki mbili.

Mdogo wako,
Sidonie


Liège, tarehe 8 Mei 2025

Sidonie wangu,

Habari za kikohozi? Kunywa tangawizi, uache ubishi.

Baki nayo. Sikukasirika. Ila niandikie ile pumzi vizuri, nijue iko wapi.

Yaya wako


Murara, Goma, tarehe 24 Mei 2025

Kwako Yaya,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na bila hofu. Wiki mbili zimekuwa tano. Santuri imeondoka asubuhi hii pamoja na kichwa cheusi, ndani ya vitenge viwili. Mama Louise ameibeba hadi Gisenyi, na mpwa wake Twagirimana ataifikisha Kigali kwa mtu anayesafiri.

Pumzi iko hivi. Kwaya inamaliza ubeti wa pili, kinanda kinanyamaza. Kuna utupu wa kama kufumba jicho mara mbili. Ndipo anaivuta, fupi, kama alivyofanya mlangoni kabla ya kutuita majina tulipochelewa kurudi. Halafu anaimba.

Nimehesabu siku, nami naogopa nimechelewa.

Mdogo wako,
Sidonie


Liège, tarehe 20 Juni 2025

Sidonie, mutoto wa mama,

Nakusalimu. Kidonda kinapona. Nilipoamka kulikuwa kimya, na bado ni kimya.

Kifurushi kilifika tarehe 9. Usilie. Miye ningekaa na santuri hata miezi mitano.

Niliiweka vilevile. Nilikaa chini, barua yako magotini, viganja viwili kwenye boksi la sauti. Vilitetemeka, vikatetemeka, vikatulia. Nikafumba macho mara moja, mara mbili. Nikarudi nyumbani nimechelewa. Halafu viganja vikaanza tena, polepole, na nikajua ni nani.

Santuri na kichwa, vyote viwili, ninakurudishia kwa njia ile ile. Nyumba moja ya kimya inatosha.

Usiweke sarafu.

Yaya wako,
Cirimwami