Tumefuata Viwavi, Tukapigiwa Vigelegele

Shoga, usicheke kwanza. Nimefukuzwa kwenye posa ya watu. Posa!

Si unajua mimi na Kibonge tumesafiri kutafuta wale viwavi wa kukaanga? Dereva wa teksi akatuambia tuingie geti la kijani. Kumbe mageti ya kijani yako mawili!

Tukaingia. Kibonge na mdomo wake: "Hodi! Tumesikia humu ndani mna kitu kizuri, tumekifuata toka mbali."

Shoga, VIGELEGELE! Tukakalishwa kwenye makochi, viwavi wakaja sahani nzima. Watamu hao! Nikajua ndiyo huduma ya huku.

Mara wakaingia washenga wa kweli na bwana harusi wao. Baba mwenye nyumba akanigeukia: "Na ninyi mmefuata nini?"

Nikamwambia, "Viwavi."

Viwavi, shoga! Mbele ya wakwe!

Akasema tutoke. Kibonge huyo mlangoni. Mimi nikasema sitoki mpaka sahani iishe, na nikaimaliza. Simwombi mtu radhi.

Wa kuona haya ni huyo bwana harusi. Kaletewa viwavi, kaulizia chipsi!

Tumefika getini, binti anayeposwa akatukimbilia na kifuko: "Chukueni na wa huyo mla chipsi."

Ndio hawa ninaowatafuna.