Mlango Ulioandikwa Yunia

Jumatatu, 3 Machi

Madaftari ya kidato cha kwanza, nimesahihisha nusu. Wanaandika "mtoto kubwa" na "kiti mzuri" kama wanavyosema sokoni. Nikipiga mstari mwekundu wananiangalia kana kwamba nimewaibia.

Adriko, mume wangu, ameleta jiko la kuchezea la mtoto leo mchana. Vipande vipande, ndani ya magunia mawili. Mzee Ramadhani, seremala wa chini ya Arua Hill, amelitengeneza kufuata picha niliyomwonyesha kwenye simu. Meko mawili ya kuchora, beseni dogo la sinki, kabati chini lenye mlango mmoja. Rangi nilichagua mimi: bluu ya anga, mlango mweupe. Nilikaa karakana kwake saa nzima nikimsumbua mzee wa watu kwa ajili ya bluu.

Majirani wananicheka. Mama mkwe naye, huko Ombaci, amesema mtoto wa kike apewe mafiga matatu na kopo, jiko la uongo la nini. Wacheke. Mimi nimekulia kambini, baba yangu askari, nikipika matope kwenye kifuniko cha rangi ya viatu. Ayiko atakuwa na jiko. Jumapili anatimiza miaka mitatu.

Adriko kasema atalifunga mwenyewe Jumamosi. Nisifungue magunia, skrubu zitapotea. Kisha akaondoka na lori la saruji kwenda Koboko, kama kila Jumatatu. Mbele, pembeni ya kiti chake, kulikuwa na magunia mengine mawili. Sikuuliza. Dereva hubebeshwa mizigo ya watu.

Jumanne, 4 Machi

Ayiko amelilia magunia tangu asubuhi. Mwishowe nimefungua moja. Skrubu hazijapotea, ziko kwenye kifuko, zimehesabiwa. Mbao zimepigwa msasa hadi kwenye pembe. Mzee anajua kazi.

Mlango umeandikwa jina kwa rangi nyekundu. YUNIA.

Nimecheka peke yangu. Yunia ni mama mkwe. Mzee Ramadhani ameambiwa jina la mtoto, akaandika la bibi yake. Nimemtumia Adriko ujumbe? Hapana. Kesho saa ya chakula nitapita kwa mzee afute, aandike AYIKO. Kazi ya dakika kumi.

Jumatano, 5 Machi

Sijavua hata viatu vya shule. Naandika hivyo hivyo.

Mzee Ramadhani aliutazama mlango, akaugeuza, akautazama tena. Akasema, "Aa, hii ni ya Koboko. Nimechanganya gunia. Samehe mimi, mama."

Nikamuuliza Koboko ya nani.

"Jiko iko mbili. Moja ya kwako, moja ya nyumba ingine. Bwana yako alisema sawasawa, rangi moja, kipimo moja. Huyo mutu iko na akili. Wanaume mingi nanunulia nyumba ndogo, hii kubwa nabaki na maneno tu."

Alikuwa ananisifia mume. Kwa moyo mweupe kabisa. Yeye mwenyewe ana wake wawili, na tangu ujana wake akinunua sukari ananunua mafungu mawili. Kila kitu cha watoto anakiandika jina wasigombane. Ndiyo maana aliandika majina hata bila kuambiwa. Kwake mtu anayegawa sawa ni mtu asiyeficha. Haikumpitia akilini kwamba mke mkubwa anaweza kuwa hajui kama yeye ni mkubwa.

Kisha akaniona uso. Akachukua msumeno akaanza kukata kipande cha mbao ambacho hakikuhitaji kukatwa.

Nilimwambia asante. Nikarudi shule na mlango kwapani, nimeugeuza jina ndani watu wasisome. Saa nane nilikuwa na somo la methali. Siku za mwizi ni arobaini. Nikawaambia waandike maana yake. Huyu wangu alipewa za nyongeza.

Nimefungua na gunia la pili. Kila kitu kipo isipokuwa mlango wa mwanangu.

Alhamisi, 6 Machi

Amepiga simu saa sita. Kwanza hali ya mtoto. Kisha kama nimefungua magunia.

Miaka saba ya ndoa hajawahi kuuliza habari za gunia. Kwa hiyo ameuona ule mlango mwingine huko, na anaogopa.

Nikamwambia bado, nakusubiri wewe. Uongo wangu wa kwanza kwake, na ulinitoka laini. Nikamsikia anapumua. Akasema niyaache hivyo hivyo, ila lori limeharibika klachi, atarudi Jumanne. Nimwambie Ayiko samahani kwa Jumapili. Nikasema sawa, baba. Nimemwita baba kama siku zote.

Nina hasira hadi meno yanauma.

Ijumaa, 7 Machi

Dada yangu Driciru ameolewa Koboko. Anauza samaki wakavu sokoni pale. Nimempigia asubuhi na swali moja tu: unamjua Yunia?

Nilisikia wateja wake wakiuliza bei. Halafu akasema, nani amekuambia.

Hakusema Yunia yupi. Hapo nikajua yote.

Alijua tangu mtoto anazaliwa. Mwanamke anaitwa Poni, anakaa Lurujo, kijiji cha karibu na hapo. Siku ya kumpa mtoto jina Driciru alikwenda, alibeba unga, alisonga ugali wa wageni. Mama mkwe alikuwepo na gomesi mpya, gauni la sherehe, amekaa kwenye mkeka wa mbele. Jina alilitoa mwenyewe. Jina lile lile nililoliomba kwa ajili ya Ayiko, Adriko akaniambia mama yake hapendi mjukuu aitwe jina lake angali hai. Nikakubali. Nikaona ni heshima.

Mtoto anakaribia miaka miwili. Nimehesabu miezi. Nilikuwa bado nanyonyesha.

Driciru anasema hakutaka kuvunja nyumba yangu. Anasema alidhani labda najua na nimeamua kunyamaza, kama wengi. Alikuja kwangu Krismasi mbili, akalala kitanda kimoja na mimi, tukacheka hadi majirani wakagonga ukuta.

Adriko nilikutana naye ukubwani. Driciru nilizaliwa nikamkuta. Huyu ndiye anayeniuma. Kikulacho ki nguoni mwako: nimeifundisha hiyo miaka sita bila kuisikia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwacha Ayiko kwa jirani. Saa nne nilikuwa Koboko, mlango nimeufunga kwenye shuka. Driciru alinipokea stendi. Hatukusalimiana vizuri. Nikamwambia anipeleke Lurujo, si kuomba, kumwambia. Tukapanda boda mbili, kila mtu yake.

Njiani nilitayarisha matusi. Nilikuwa na matatu mazuri.

Poni ni msichana tu. Kwa kabila ni Mkakwa, wa ng'ambo ya mpaka, alikuja na wakimbizi akabaki. Alikuwa anaanua mihogo. Driciru alimtajia mimi ni nani. Akaiweka mihogo chini, akapiga magoti, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, mama mkubwa. Mimi nimengoja wewe siku mingi."

Akaleta kiti kimoja chenye mgongo, akakipangusa kwa kanga yake. Akaleta maji. Kisha akasema, "Asante kwa jiko ya mtoto. Baba Yunia alisema wewe ulikubali mimi tangu zamani. Alisema hata rangi ni wewe ulichagua."

Rangi ni mimi niliyechagua. Kweli. Saa nzima karakana kwa mzee Ramadhani, hii imekolea, hii imepauka, chukua hii. Na Adriko ameibeba bluu yangu hadi Lurujo, ameifanya ndiyo idhini yangu. Hakunificha siri tu. Amenisemea neno ambalo sijalisema.

Matusi yakanikauka yote matatu. Nikamwambia Poni sikujua, nimejua Jumatano. Hakuelewa mara ya kwanza. Nikarudia polepole. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akajifunika mdomo. Driciru alikuwa anatazama viatu vyake. Poni alilia. Mimi hapana.

Jiko lao liko barazani, limesimama. Adriko alilifunga Jumanne, Poni alisema, siku nzima, na mtoto mgongoni mwake. Gundi kwenye kila kiungo, limenyooka, halitikisiki. Mimi nimeomba rafu ya vyombo tangu tuhamie, naambiwa mgongo unauma. Pale chini tu palikuwa wazi, pa mlango. Lori nalo halina ugonjwa wowote. Adriko mwenyewe alikuwa amelipeleka Oraba na saruji.

Yunia ana masikio ya Adriko. Alinijia, akachungulia ndani ya shuka langu kutafuta zawadi. Nikampa mlango wake. Hana kosa, sina la kumfanya.

Poni akautoa wa Ayiko uvunguni, umefungwa kwa kitenge safi. Aliambiwa seremala amekosea, baba atautengeneza kimya kimya, mama mkubwa asisumbuliwe. Tukabadilishana. Aliponisindikiza hadi njiani aliniuliza, "Utakuja tena?" Nilipanda boda. Hata kumchukia nimeshindwa.

Driciru alitaka nile kwake kabla ya kurudi. Nilipita mlango wake na njaa yangu.

Jumapili, 9 Machi

Miaka mitatu. Sikwenda kanisani.

Bisibisi ya kuazima. Nimepanga vipande sakafuni, nimevitazama muda mrefu. Ubao wa nyuma nimeufunga kichwa chini, nikaufungua. Rafu ya juu ikapinda, nikaifungua nayo. Skrubu moja imeliwa kichwa, nimeigongelea na jiwe. Vidole viwili vimechubuka. Ayiko alikuwa akinipa skrubu mojamoja na kusema asante mwenyewe kila anaponipa.

Saa tisa likasimama. Linatikisika kidogo mguu wa kushoto, nimeweka kipande cha boksi. Mlango wa mwisho. Bawaba zimekubali.

Amepika chai ya majani ya mchungwa na mchanga. Nimekunywa vikombe sita. Nimefurahi, hilo nalo niliandike. Kwa muda wa vikombe sita nilifurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Kaka yangu Asiku amepiga. Driciru amemwambia, sasa ndiyo amepata mdomo.

Hakunihurumia, na nimeshukuru. Alisema maneno machache. Kwamba kwetu mwanamke hahitaji kupiga kelele. Akijua, kisha mume akarudi naye akampikia, basi amempokea pamoja na huyo mwingine, na hakuna mzee wa ukoo atakayemsikiliza tena. Chungu kimeshajibu. Asipopika, mume lazima aende kwa watu wake aseme kwa nini ana njaa, na watu wake lazima waje kwetu. "Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Ukimpikia usiniite. Usipopika nakuja Alhamisi."

Nimetulia sana baada ya simu. Kisha nikaogopa. Miaka saba. Ayiko anamwita akisikia lori lolote. Mshahara wa mwalimu ninaujua. Nyumba hii ni ya watu wake.

Nikikaa kimya nikapika, nitakuwa mama mkubwa. Kiti chenye mgongo, maji kwa magoti, heshima zote. Driciru atarudi kulala kwangu Krismasi. Wengi wanaishi hivyo na hawafi.

Unga upo. Maharage nimeyachagua, nimeyaloweka. Sijui kwa nini nimeloweka mengi.

Jumanne, 11 Machi

Leo sikuwa na kipindi baada ya saa nne. Nimepika mapema, mimi na Ayiko tukala yote. Nikaosha sufuria, nikazima mkaa kwa maji.

Adriko alifika saa saba. Ameleta mkate na mwanasesere. Alisimama mlangoni, akaliona jiko limesimama, akaona na jina. Akauliza mlango nimeupata wapi. Nikasema Poni amenipa, anakusalimu.

Alikaa. Alianza kueleza. Kwamba alitaka kuniambia, kwamba mama yake alimshauri asubiri, kwamba ananipenda sawasawa. Nilitoka nje kufua. Sauti ilinifuata hadi kwenye beseni, halafu ikaisha.

Saa nane. Saa tisa. Alikwenda jikoni, nikamsikia anafunua sufuria moja, anairudisha. Anafunua nyingine. Alirudi akakaa kwenye kizingiti akitazama majivu yenye maji. Alijua. Hakuna mwanaume wa huku asiyejua. Mkate aliouleta hakuugusa, alikuwa amempa mtoto.

Ayiko alimvuta kidole, akamkalisha mbele ya jiko lake. Alikoroga sana. Akampakulia majani na mchanga kwenye kifuniko, akampa. Adriko alipokea kwa mikono miwili. Akatafuna hewa, akameza. Mimi nilikuwa naanika nguo, namwona kupitia kamba.

Mtoto akamuuliza kama ameshiba. Akasema ameshiba. Nikachukua shuka lililofuata.