Fundi Bomba Anarudi Mkavu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimepika uji. Nimefagia uwanja. Nimemfukuza mbuzi wa Mama Bahati kwenye mihogo yangu, tena na tena. Yule mama hajui kufunga mbuzi. Hajui kufunga na mdomo.

Gervas amerudi jioni. Mkavu. Shati kavu, suruali kavu, viatu havina hata tope. Huyu ni fundi bomba. Tangu amwoe mwanangu Veronika anarudi amelowa kama kuku aliyenyeshewa. Sasa wiki ya pili anarudi mkavu, ananukia sabuni.

Anasema yuko kwenye mafunzo. Mafunzo gani ya mtu ambaye ni fundi tayari?

Jumanne, 6 Agosti

Veronika anasema ni mafunzo ya umeme, kwenye karakana ya misheni. Eti zahanati yao inaleta mitungi ya kuchemsha maji kwa umeme, na fundi bomba asiyejua umeme hatapewa kazi. Nimemwambia maji yanachemshwa kwa kuni. Amecheka. Acheke tu.

Mimi nimeona. Asubuhi Gervas kaenda nyuma ya choo, kaangalia huku na huku, kavua pete ya ndoa. Kaitia mfukoni. Pete iliyobarikiwa na padri mbele ya macho yangu.

Mwanamume anavua pete asubuhi anaenda kujifunza nini? Umeme?

Kumwuliza mwenyewe siwezi. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasogeleani. Hatupeani mkono, hatuli pamoja. Nikipita anasimama pembeni, anasema "Shikamoo mama," anaangalia chini. Ni heshima. Lakini hata mwizi anaangalia chini.

Veronika sijamwambia. Ana mimba kubwa na watoto wawili wadogo. Jambo likiharibika, haondoki mtu wangu hapa. Kiwanja ni changu. Ataondoka Gervas.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeenda mwenyewe. Nimebeba viazi kichwani kama nauza, nikakaa chini ya dirisha la karakana.

Wanaume wazima wamekaa kwenye benchi kama darasa la kwanza. Mwalimu kijana, katoka Tabora, sauti kama tarumbeta. Anasema ukimkuta mtu amenaswa na umeme usimshike, utanaswa naye. Zima kwanza. Ukishindwa, tafuta mti mkavu umtoe nao. Akawaamrisha waseme wote. "Mti mkavu!" Kuku wa misheni wakakimbia.

Nikasema basi, kweli ni umeme. Nikainuka niende. Ndipo nikamwona. Mwanamke. Kavaa ovaroli ya kiume, kakaa karibu na Gervas, anamshikia waya, wanacheka. Nikatazama kidole chake. Hana pete na yeye.

Viazi nimeuza vyote. Hasira nimerudi nayo.

Ijumaa, 9 Agosti

Mama Bahati kapitisha kichwa juu ya ua. "Bibi, mkwe wako siku hizi anapendeza! Kapata kazi ya ofisi?" Nimemwambia akafunge mbuzi.

Kwa hiyo wote wanaona. Ni mwanangu tu haoni.

Nimetuma watu kijijini Kabungu wakamwite kaka yangu. Jumapili tunamkalisha Gervas chini. Atasema mbele ya wazee pete inalala wapi.

Mwenyewe leo kaleta pipa la bati. Kalisimamisha uani kando ya bomba, katia ndani chuma cha kuchemshia maji, waya kaupitisha dirishani mpaka kwenye plagi. Anasema ni mazoezi. Kamwaga maji mpaka mlangoni kwangu, pote tope. Mwanamume mwenye kosa anapenda sana kuleta vitu nyumbani.

Jumamosi, 10 Agosti

Watu bado wamejaa uani. Naandika hivyo hivyo.

Umeme wa mjini unawashwa jioni. Mpanda nzima inajua. Mchana waya ni kamba tu, tunaanikia kanga. Ndiyo maana Gervas alikuwa anafunga funga pipa lake na plagi hakuichomoa. Kumbe leo kuna mkubwa kaja kutoka serikalini, wakawasha mchana. Nani katuambia?

Nilikuwa natwanga mahindi. Nikasikia redio ya umeme ya Mama Bahati inaimba. Mchana! Nikainua kichwa nimtukane. Nikamwona Gervas kashika pipa, haachii. Mdomo wazi, sauti hakuna. Anatikisika kama mashine ya kusaga.

Nikakimbia. Nikanyoosha mkono nimvute. Mkono ukakataa. Huyu ni mkwe, sijawahi kumgusa. Ukasimama hewani wenyewe. Hapo nikawasikia kichwani wale wanaume wa kwenye benchi. Mti mkavu.

Mchi ulikuwa mkononi mwingine. Nikampiga nao mikono. Hakuachia. Nikarudia kwa nguvu zote. Akaanguka kwenye tope. Nikampigia kelele Veronika achomoe waya, akachomoa.

Mama Bahati akatoka mbio. "Jamani njooni! Bibi anaua mkwe!"

Anapumua. Kiganja kimeungua, huo ni umeme. Mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, huo ni mimi.

Jumapili, 11 Agosti

Kaka yangu kafika, kavaa koti la kikao.

Kabla hajakaa vizuri, kaja yule mwanamke wa ovaroli. Leo kavaa gauni la kanisani, na pete kidoleni. Anaitwa Tekla, naye ni fundi bomba. Mumewe nyuma kabeba kuku wa kumpa mgonjwa pole.

Sikungoja. "Alhamisi pete yako ilikuwa wapi?"

Alishangaa nimejuaje. "Mfukoni, mama. Mwalimu hataki tuvae. Pete ni chuma. Kuna fundi, umeme ulimshika kwenye pete, kidole kikaungua mpaka mfupa."

Wanavua wote. Tekla anasema Gervas aliwaambia anajificha nyuma ya choo kwa sababu Veronika akiona kidole kitupu atalia mpaka jua lizame. Hapo kasema kweli. Huyu mtoto analia ovyo.

Kaka akauliza kikao ni cha nini. Nikamwambia kaja kumwona mgonjwa. Ale kuku.

Jumatano, 14 Agosti

Gervas kamtuma Veronika. Anaomba mchi wangu utundikwe kando ya pipa, usiondolewe. Nimekubali. Mahindi natwanga kwa mchi wa Mama Bahati. Umepinda kama mwenyewe.

Mwalimu naye anataka mchi wa kutundika karakana. Akanunue.

Jumanne, 27 Agosti

Gervas karudi kazini. Anafunga mitungi ya zahanati, na huko pete haivaliwi.

Asubuhi kaja mpaka mlangoni kwangu. Hakuingia. Kaweka pete kwenye kibakuli juu ya kizingiti, akaondoka anaangalia chini. Nilingoja apotee kwanza, nikaichukua. Nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni alichelewa. Nimeirudisha kwenye kibakuli mapema, nikakaa ndani nyuma ya mlango nasikiliza. Viatu vyake vikaja. Vinalia kwa maji. Pete ikagonga kibakuli kidogo.

"Shikamoo mama."

Nikaitikia. Nikachungulia ameshapita. Kaacha nyayo za maji uwanja mzima, na mimi nilikuwa nimefagia.