Vitufe vya Jirani wa Asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Goti la mama linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, namshukuru Mungu. Ulitaka nikujibu jambo moja bila kuzungukazunguka: mkataba ukiisha nitasaini mwingine au nitarudi? Jibu utalipata, lakini unanijua, lazima nizunguke kwanza.

Kazi ni ileile ya kusikiliza kanda za mikutano na kuandika yaliyosemwa. Kompyuta ni moja, watu wawili: mwenzangu asubuhi, mimi mchana hadi jioni. Nikifika ameshaondoka. Mpaka leo sijamwona, wala sijui ni mwanamume au mwanamke. Mimi namwita Jirani tu. Chumbani hakuna mwingine, na ninakopanga kila mtu na mlango wake.

Basi huyo Jirani tuligombana, dada, tukagombana kweli! Programu ya kuandikia inakuruhusu kubadilisha kazi za vitufe. Mimi nikibonyeza Kontroli na D nataka mstari ujirudie chini. Yeye anataka mstari ufutike. Siku ya kwanza nilibonyeza, maneno yote ya mwenyekiti yakapotea. Ala! Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha. Kesho yake amebadilisha tena. Nikarudisha, akabadilisha. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Mwishowe akaniachia D yangu, kazi ya kufuta akaihamishia F8. Halafu nikagundua F9 nayo ameipa kazi. Kuibonyeza tu, yakajiandika maneno ya kunisema kwamba namwaga makombo ya mkate kwenye kibodi kama nafuga kuku. Nilicheka mpaka machozi. Nikaweka jibu kwenye kitufe hichohicho, kwamba kiti anakiacha chini kama anayekalia ni mtoto wa chekechea. Tangu hapo kila siku F9 ilikuwa na jipya. Alipoona karatasi za mafua kwenye pipa aliniagiza ninywe maji ya moto na niache ubishi. Dada, nilikuwa natembea haraka kwenda kazini.

Wiki iliyopita nikabonyeza F9, kimya. Nikajaribu D, hola. Vitufe vyote vimerudi kama vilivyotoka kiwandani. Nikamuuliza msimamizi. Akanijibu, kwa furaha kabisa, kwamba mwenzangu ameacha kazi, fundi ameisafisha mashine, na sasa ni yangu peke yangu, niipange nitakavyo. Nikamwambia ahsante. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Nimekuwa nikiwaambia kwamba huku nina watu. Sina, dada. Jirani ndiye alikuwa mtu pekee anayejua kama leo nimekuja au sikuja. Tangu siku ile ya msimamizi sijatamka neno refu kwa mtu yeyote, ila kwa muuza mkate, naye ana haraka zake. Upweke umenimaliza.

Mkataba waliniletea jana. Sikusaini. Mwisho wa mwezi narudi nyumbani. Najua utanisema kwa kitanda nisichotandika na bomba ninaloacha linatiririka. Uniseme tu, dada. Uniseme nikiwa nakutazama, nami nikujibu.

Mbusu mama, na shemeji mwambie ajiandae, kelele zinakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi