Chumvi Tuliyoipika Japani

Johannesburg, Jumanne

Mama Furaha ameimaliza chumvi. Kichupa kizima, kile nilichokificha nyuma ya majani ya chai, amekimimina kwenye sufuria ya maharagwe.

Sikuweza kumfokea. Tangu tumzike mume wangu Mutua, yeye ndiye huvuka barabara kila jioni kuja kunipikia, baada ya kushona nguo za watu kutwa nzima.

Angejuaje kwamba ile chumvi tuliipika wenyewe, mimi na Mutua, katika kijiji cha pwani kule Japani? Tulibeba maji ya bahari kwa ndoo, tukayamwaga mchangani, tukayachuja, tukayachemsha. Bibi aliyetufundisha alimkataza Mutua kuacha kukoroga. Akakoroga, moshi ukimtoa machozi, na bado akawa ananitania: "Watalii wenzetu wanapiga picha, sisi tumekuja kufanya kibarua!" Kutwa nzima, tukapata vijiko vichache tu. Nikaapa haitaliwa.

"Chumvi yako iko muzuri sana, mama," Mama Furaha akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Ilitoka wapi?"

Nikamwambia ni ya duka la spaza hapo kona. Eish. Sijui kwa nini.

Tangu mazishi nilikuwa nadonoa tu. Leo nimekula, nikaongeza, nikapangusa sufuria kwa ugali mpaka ikang'aa. Mama Furaha akamshukuru Mungu kwamba hamu ya chakula imenirudia.

Haijanirudia. Sikutaka tu kilichobaki kioshwe na sabuni.